Mzee Aliyeshindwa na Majani ya Ndani ya Kioo

Habari niliipata stesheni. Dereva wa lori la mpunga kutoka Mpimbwe alishuka, akajifuta vumbi usoni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna chumvi dukani: "Yule mzee wenu wa kioo amezikwa Jumamosi." Sikuuliza mzee gani. Hapa Makanyagio, mjini Mpanda, kila mtu anamjua yule mkulima mrefu mwenye kofia ya ukindu, ambaye kila baada ya mavuno alikuja kuketi katika hoteli ya chai ya shemeji yake, mbele ya sanduku la kioo lenye maji, majani na visamaki, na kuwaambia wageni wasiomjua, "Tazameni vizuri. Hayo majani ndiyo yaliyonishinda mimi." Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea niwaandikie juu ya barabara, mvua na tabia zetu. Leo naomba nimwandike mtu. Sikuwa rafiki yake wa karibu, na shule niliyosoma ni kidogo, kwa hiyo huenda yuko ambaye angeifanya kazi hii vizuri kuliko mimi. Lakini siku zile mbili zilizompa mzee huyu sifa yake nilikuwapo, nimekaa benchi la ukutani na kikombe mkononi, na naona wengi wanaomsimulia siku hizi wanamwonea. Wanamsimulia ili wacheke. Mimi nasema alikuwa mshindi, na nitajaribu kueleza kwa nini bila kumpunja mtu mwingine yeyote.

Mdogo wake alikuwa seremala huku machimboni. Bwana mkubwa mmoja wa machimbo alimwagiza amtengenezee sanduku la kufugia samaki, na seremala akalitengeneza vizuri sana: fremu ya chuma, vioo vya dirisha, na lami kwenye maungio yote ili maji yasivuje. Bwana yule alipohamishwa alimwachia fundi wake sanduku tupu. Kwa seremala likageuka kabati la maandazi, maana mkewe alikuwa na hoteli ndogo karibu na stesheni, na inzi waliishia kutembea juu ya kioo kwa uchungu. Lakini mama yule alikuwa ameliona sanduku lilipokuwa na maji nyumbani kwa bwana mkubwa. Alituambia kuwa samaki hawakumshangaza, maana samaki anawaona kila siku kwenye sufuria. Kilichomshangaza ni majani yaliyosimama ndani ya maji yakiyumba polepole, kana kwamba humo ndani kuna upepo wake. Kisha seremala akashikwa na homa, akafa. Matanga yalipokwisha, mjane aliyahamishia maandazi kwenye kapu, akalisugua sanduku, akalijaza maji. Watu walidhani ni huzuni. Mimi nadhani alitaka katika hoteli yake kuwe na kitu ambacho hoteli nyingine hazina, na pia kitu cha mikono ya mumewe kisichokaa bure.

Ukoo wa marehemu, ulioko Mpimbwe, ulifanya kikao na kumtuma kaka mkubwa aje kumchukua mjane na watoto. Hapa napenda msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu ni rahisi kumfanya mtu huyu adui. Hakuja kumrithi mwanamke. Alikuwa Mkatoliki mwenye mke wake, na neno hilo hakulitaja kamwe. Alikuja kwa sababu watoto wa ndugu yake walikuwa wanakua bila watu wao, na kwa sababu mashamba ya mpunga yanahitaji mikono. Mtoto akiugua mjini usiku, nani atamshika? Ni swali la haki. Na mjane naye alikuwa na lake la haki: hoteli aliianza mwenyewe, wateja walimjua, watoto walikuwa shuleni, na Mpimbwe alikuwa amekaa kipindi cha harusi tu. Yeye ni Mkonongo, wa kabila jingine. Kule angekuwa mgeni anayelishwa, na hapa alikuwa mwenyeji anayelisha.

Bahati mbaya, shemeji yake alifika wakati bustani ile ya ndani ya kioo iko katika hali mbaya kabisa. Mama alikuwa amekwenda ukingoni mwa mto Katuma, akachagua majani kwa uzuri wake, yale manene yanayong'aa, yenye miguu majini na vichwa hewani. Akayazamisha yote. Kisha akayapa mbolea kama walivyomfundisha kwao kwenye kitalu cha tumbaku: samadi mbichi ya mbuzi na majivu juu yake. Mtu wa pwani au mtu wa ziwani asingefanya hivyo, lakini mtu aliyekulia kwenye tumbaku anajua kuwa mche mnyonge hupewa samadi. Maji yakawa ya kijani, kisha ya kijani iliyokolea, majani yakalainika kama mboga iliyochemshwa, na visamaki vikawa vinapanda juu kutafuta hewa, vikifa kimoja kimoja.

Mzee aliinama, akanusa.

"Mke wetu, hii supu ya nini?"

"Si supu, shemeji. Ni bustani."

"Bustani!" Akatugeukia sisi wateja kana kwamba tumeshitakiwa pamoja naye. "Nimelima tangu sijaota ndevu, sijaona bustani inayonuka hivi. Sasa humu unavuna nini?"

"Anavuna mbu, mzee!" akajibu fundi cherehani aliyekuwa akishonea kibarazani pale, na hoteli nzima ikaangua kicheko.

"Chekeni tu," mama akasema, akimimina chai. "Mkimaliza mtalipa chai mliyokunywa."

Mzee hakucheka nao. Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini. "Sikieni nyie, mimi si mtu wa mzaha. Kitu ukikitoa kwao hakikai. Haya majani kwao ni mtoni. Yametolewa, yanakufa, mnayaona. Na watoto wa ndugu yangu kwao ni Mpimbwe. Niyatazame haya halafu niwaache wao hapa?"

"Yanakufa kwa sababu nimeyalisha vibaya," mama akajibu. "Si kwa sababu yametoka mtoni. Wewe mpunga wako huutoi kitaluni ukaupeleka jaruba jingine? Unakufa?"

"Mpunga nauhamisha mimi. Mimi najua naupeleka wapi."

"Na mimi nitajua."

"Lini?"

"Nenda kalime. Ukivuna, njoo na mpunga mpya uyatazame."

"Nikiyakuta yamekufa?"

"Nafunga mizigo, napanda lori hilo hilo ulilokuja nalo, mimi na watoto."

"Na nikiyakuta hai?"

"Unawaambia ukoo waniache hapa na wanangu. Uwaambie wewe, kwa mdomo wako."

Mzee alicheka kidogo pua ikatoa sauti, akasema, "Haya, yameisha." Nadhani alisema kwa mzaha, hata kama alisema si mtu wa mzaha. Lakini maneno yalikuwa yamesemwa mbele ya watu, na fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga cherehani yake. Fundi akiacha kukanyaga, Makanyagio nzima itajua kabla ya jua kuzama.

Baada ya hapo mama alianza upya, na mimi niliyoyaona kutoka benchi langu niliyaona kwa furaha. Alimwaga maji yote pamoja na kiburi cha samadi. Alirudi mtoni, safari hii hakutazama ukingo bali chini ya maji, kwenye vidimbwi vilivyotulia, ambako kuna majani yanayoishi yamezama maisha yao yote. Alichukua ya kila namna kidogo kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo wateja walilicheka kwanza na kulisifu baadaye: aliyaweka kila namna kwenye karai lake, akayakandamiza kwa jiwe yasitokeze hata ncha, akayaacha. Yaliyooza aliyatupa bila huruma, hata yale mazuri. Yaliyobaki mabichi ndiyo aliyoyachagua. Zilibaki namna mbili tu zenye maana: moja ya majani marefu membamba kama ukindu uliochanwa, yenye mizizi myeupe, na nyingine isiyo na mizizi kabisa, iliyochanua kama mkia wa paka aliyetishwa.

Chakula kilimsumbua zaidi. Alijua sasa kuwa samadi mbichi ni sumu ndani ya maji yasiyokwenda kokote, lakini alijua pia kuwa mchanga mtupu haulishi kitu. Basi akafikiria udongo wa kichuguu, ule ule ambao wajawazito hununua sokoni kuutafuna. Sote tunajua mahindi yaliyoota juu ya kichuguu yanavyokuwa. Aliutwanga, akauchekecha, akachanganya na samadi kuukuu iliyokwisha kuwa kama vumbi, kiasi cha chumvi kwenye mboga, akafinyanga vidonge na kuvianika juani mpaka vikawa vigumu. Akavipanga chini kabisa ya sanduku, akafunika kwa mchanga wa mto aliouosha hadi maji ya kuoshea yakafaa kunywa. Ule mmea usio na mizizi hakuupa kitu. Alisema huo unakula majini, na kinyesi cha samaki kinautosha. Sanduku akaliondoa mlangoni, ambako jua la mchana lilikuwa likilichemsha, akaliweka palipoguswa na jua la asubuhi tu. Akakataza wateja kuwatupia samaki makombo ya maandazi. Fundi cherehani alikaripiwa zaidi ya wote, na alistahili.

Masika yakapita na majani yakasimama. Watu wa garimoshi walianza kuiulizia hoteli ya majani kabla hawajashusha mizigo yao. Tukaanza kumhurumia mzee wa Mpimbwe. Kisha, wakati mpunga huko bondeni lazima ulikuwa unageuka rangi, majani yale marefu nayo yakageuka. Yalianza kuwa ya manjano ncha, manjano yakashuka, na mengine yakatoboka. Mama hakulala vizuri siku zile, ilionekana machoni. Wateja walikuwa wakiingia na kutazama sanduku kwanza, kama watu wanaomjulia hali mgonjwa.

Fundi cherehani, ambaye nia yake ilikuwa njema, alimwita pembeni kwa sauti ambayo sote tuliisikia. "Mama, mto uko pale pale. Nenda asubuhi, ng'oa mengine mabichi, yachomeke. Mzee atajuaje? Majani hayana sura."

"Hayana sura, kweli."

"Sasa?"

"Nikimdanganya mwaka huu nikabaki, mwaka kesho akija nifanyeje? Nimdanganye tena? Nitakuwa naishi hapa kwa majani ya jana kila mwaka."

"Lakini utapanda lori, mama! Na watoto!"

"Nitapanda. Lakini bado sijapanda."

Sikuwa na hakika ni yupi kati yao aliye sawa. Watoto wale niliwapenda na nisingetaka waondoke. Mama aliinama mbele ya kioo, akasema kama mtu anayezungumza na sufuria: "Chakula kimeisha huko chini. Mtu ukimshibisha mara moja hashibi maisha." Alifinyanga vidonge vingine, vidogo zaidi, akaviingiza kwa kidole kimoja kimoja karibu na mizizi, ndani sana, taratibu, visivunjike vikachafua maji. Akakata kila jani la manjano kwa mkasi wa fundi. Bustani ikabaki na upara. Ilikuwa imenyolewa kama mtoto mwenye ukurutu, na lori la mpunga lilikuwa linakuja.

Lilikuja. Mzee akashuka na gunia la mpunga mpya begani, akalibwaga mlangoni, akasalimia, akaomba chai. Aliinywa akiwa amelipa sanduku mgongo. Hoteli ilijaa, hata waliokuwa hawana kiu. Alipomaliza, alisimama, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akatumbukiza mkono ndani ya maji.

"Mzee, hao samaki hawavuliwi!" fundi akapiga kelele.

"Nyamaza wewe, shona."

Hapo ndipo nilipojua kuwa huyu ni mkulima wa kweli. Hakutazama rangi wala urefu. Alishika jani shinani, kwa vidole viwili, akalivuta kwa upole, kama wanavyovuta mche wa mpunga kujua kama umeshika udongo au umechomekwa tu jana na kibarua mvivu. Nilimtazama fundi cherehani. Alikuwa amefunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Jani halikutoka. Mzee akavuta jingine. Mchanga ukatikisika, jani likakaa. Kisha vidole vyake vikagusa kitu, vikakifuata juu ya mchanga polepole, kama mtu anayefuata uzi gizani: kikonyo cheupe kilichotoka kwenye shina moja kikatambaa hadi pembeni, na mwisho wake palikuwa na kijani kidogo kimesimama chenyewe. Mbele yake kikonyo kingine, na kijani kingine. Sisi tuliokuwa tukitazama majani yaliyokatwa hatukuwa tumeviona. Alikivuta kile kidogo. Nacho kilikuwa kimeshika.

Alipoutoa mkono, maji yalimtiririka hadi kwenye shati na hakuyafuta.

"Huyu ameshika," akasema. "Na huyu ni mtoto wake. Amezalia humu humu." Akamtazama mama. "Nani amekufundisha?"

"Yalikufa mengi, shemeji. Hayo ndiyo yaliyonifundisha."

Mzee akageuka. "Nyie mlikuwapo siku ile?"

"Tulikuwapo!"

"Mlinisikia?"

"Tulikusikia!"

"Basi nisikieni na leo. Nimeshindwa. Mama huyu anakaa hapa. Watoto wa ndugu yangu wanakaa hapa na mama yao. Anayetaka kubisha aje kwangu, asije kwake."

Loo! Sijui niandikeje kelele ile. Vigelegele vya wauza sambusa vilitoka nje mpaka stesheni, fundi akapiga ngoma juu ya meza ya cherehani yake, na watoto wa marehemu wakaja mbio wakadhani kuna harusi. Wakamkumbatia baba yao mkubwa miguu, maana walijua tu kuwa kuna furaha na yeye yuko katikati yake. Mama hakulia mbele yetu. Alifungua lile gunia, akapeleka mpunga ukakobolewe, na jioni ile kila aliyeingia alikula wali mweupe wa Mpimbwe kwa maharage, na mzee mwenyewe alikula kuliko wote.

Wengi huishia hapo, wakacheka. Lakini kilicho kigumu kilikuwa bado. Mzee alipaswa kurudi Mpimbwe na lori tupu, akae mbele ya ukoo uliomtuma. Dereva, ambaye ni jamaa yao, aliniambia ilivyokuwa. "Tulikutuma ulete watu," wakamwambia, "umetuletea hadithi ya majani." Alikuwa na visingizio vingi vya kuchagua: angeweza kusema mwanamke ni mkaidi, au mapadre wamemkataza, au serikali ya mjini haitaki. Yote wangeyakubali. Alisema, "Sharti nililikubali mwenyewe, nikashindwa mwenyewe. Niliyavuta kwa mkono huu." Walimcheka msimu mzima, na aliendelea kulima. Niseme haki pia kwa ukoo: mwaka ule kweli mikono ya kuvuna ilipungua, hawakuwa wamesema uongo. Na niseme haki juu ya mzee: hakuwa malaika. Alikuwa na maneno makali, na hata siku moja hakumwambia shemeji yake kuwa ana akili. Alisema majani yale ndiyo yenye akili. Lakini alianza kuja kila baada ya mavuno, na pamoja na mpunga alileta kikapu cha udongo wa kichuguu kilichoko nyuma ya nyumba yao, akisema wa Makanyagio ni mwepesi. Mtoto mmoja wa marehemu, kwa hiari yake, alikwenda Mpimbwe kulima naye. Wengine wako hapa. Hakuna aliyepotea kutoka kwa watu wake.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sina hakika kama fikira zangu ni nzito. Mpanda yetu imejaa watu waliong'olewa mahali: reli imetuleta, machimbo yametuleta, Wabende, Wafipa, Wanyamwezi, Warundi, kila mmoja na kwao. Kila siku nasikia mabishano kama yale, nani anaweza kukaa wapi, nani atafia mbali na watu wake. Mara nyingi tunabishana kwa mdomo tu mpaka koo zikauke, na hakuna anayekunja shati kutia mkono majini. Mama yule hakushinda kwa maneno, ingawa maneno alikuwa nayo. Alishinda kwa kujua alichochagua na kukilisha inavyotakiwa, na kwa kukubali kuonyeshwa makosa yake na majani yaliyokufa. Na mzee hakushindwa kwa udhaifu. Angeweza kutazama upara ule wa bustani akasema, "Haya ni majani gani?" na nani angembishia? Alichagua kipimo cha haki, kipimo anachokitumia shambani mwake mwenyewe, na kilipompa jibu asilolitaka, akalichukua.

Dereva aliniambia kuwa kwenye mazishi ukoo wenyewe ndio uliomwomba mjane wa seremala aseme neno, ingawa si desturi yao kumpa nafasi hiyo mwanamke aliyetoka ukoo mwingine. Alisema kwa kifupi, kwamba kaka huyu wa mumewe ndiye aliyemfanya awe mtu wa Mpimbwe, kwa kumwacha akae Makanyagio. Nilipoyasikia hayo nilifurahi, na siombi radhi kwa kufurahi katika habari ya kifo. Funzo ninalolichukua, nanyi lipimeni kama linawafaa, ni hili: tukibishana, tuwekeane kitu cha kushikwa kwa mkono, na atakayeshindwa aseme ameshindwa kwa sauti ile ile aliyobishia, mbele ya watu wale wale, kisha aende nyumbani akaseme tena.